UZI: Walatino wa Marekani, kutoka mashine ya tortilla hadi saini kwenye dola. Nani alipewa mkopo na nani alinyimwa?

Kijiti Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema?

Mwenye noti ya dola 100 ile yenye utepe wa bluu aitoe mfukoni, asiye nayo achungulie ya jirani. Kushoto kwa sura ya Benjamin Franklin kuna saini. Kama noti ni ya toleo la 2009A au 2013, hiyo ni saini ya Rosa Gumataotao Rios. Kama ni ya 2017 au 2017A, ni ya Jovita Carranza. Wote wawili ni Wamarekani wenye asili ya Mexico, na kila mmoja kwa zamu yake alikuwa Mweka Hazina wa Marekani. (Saini ya kulia ndiyo ya Waziri wa Fedha, msichanganye madesa.) Kiti hicho kimekaliwa na wanawake wa Kilatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) mara kadhaa tangu 1971, awe madarakani Republican au Democrat.

Lakini aliyefungua njia ndiye aliyenifanya nianzishe uzi huu: Romana Acosta Bañuelos.

Alizaliwa 1925 Arizona, kwenye mji wa machimbo ya shaba unaoitwa Miami, siyo ile ya Florida. Miaka ya 1930 uchumi ulipoporomoka, Marekani ilisomba mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Mexico na kuwapeleka "kwao", wakiwemo raia waliozaliwa palepale Marekani. Familia ya Romana ikaondoka katika wimbi hilo. Akakulia Mexico, mama yake akipika empanada, zile sambusa zao za kuoka, na kuwauzia wenye mikate. Aliporudi Los Angeles alikuwa bado binti mdogo, ndoa imeshavunjika, ana watoto wawili wa kiume mkononi. Mwaka 1949, kwa akiba ya dola 400, yeye na shangazi yake wakaanzisha kiwanda kidogo cha tortilla, chapati ya mahindi ambayo Mmexico bila hiyo hajala. Siku ya kwanza waliuza dola 36.

Kiwanda kikakua, kikaitwa Ramona's. Wengi hadithi huishia hapo: "alianza na dola 400, na wewe unaweza." Mimi hapo ndipo ninapoanza. Katikati ya miaka ya 1960 huyu mama na wenzake walianzisha benki, Pan-American National Bank, East Los Angeles. Muuza chapati kafungua benki! Sababu ilikuwa wazi: Wamexico wa mtaa ule walikuwa na biashara, walikuwa na wateja, na benki za mjini zilikuwa haziwaoni. Mwaka 1969 akawa mwenyekiti wa bodi, 1971 Rais Nixon akamteua kuwa Mweka Hazina.

Hoja yangu ni hii. Tukisimuliana habari za Walatino na biashara tunasifia bidii. Bidii kila mhamiaji anayo. Kilichowatenganisha walioishia na kioski kimoja na waliofika kwenye kampuni ya mabilioni ni mkopo, na hasa nani alikuwa amekaa upande wa pili wa meza siku ulipoomba. Nitaendelea, naenda kuchaji simu.

Mpiga Debe Mstaafu

Nimeweka kiti mbele kabisa. Ila mkuu hizi za "alianza na dola 400" ndizo wanazotuuzia wahamasishaji kwenye semina, kiingilio elfu hamsini na chai juu. Usije ukamalizia na namba ya kutuma hela.

Bwana Riba

Mwanzisha uzi umeruka sehemu tamu makusudi. Oktoba 1971, mama ameshateuliwa, bado hajaapishwa, maafisa wa uhamiaji walivamia kiwanda chake kule Gardena na kukamata wafanyakazi thelathini na ushee wa Mexico wasio na vibali. Ikawa habari ya taifa zima. Nixon akashuku kwamba kuna mkono wa gazeti la Los Angeles Times, na kanda za Ikulu zilizokuja kuwekwa hadharani zinamnasa akiagiza mwenye gazeti naye atafutiwe mtunza bustani asiye na karatasi. Siasa za kule bwana.

Kwa hiyo usitupambie sana. Tortilla zile nani alikuwa anazikanda, na kwa mshahara gani?

Kijiti Mkavu

Bwana Riba swali ni la haki. Yeye alisema ni njama za kumchafua, na Seneti ikampitisha. Lakini ukweli wa mambo ni kwamba biashara nyingi za Kilatino kusini-magharibi mwa Marekani zimesimama juu ya mabega ya watu ambao hawawezi kulalamika kokote. Mwenye kiwanda na mwenye kufanya kazi wanatoka kijiji kimoja, wanasali kanisa moja, mmoja ana karatasi na mwingine hana. Sijui nchi ambayo jambo hilo huzaa mishahara mizuri.

Turudi kwenye mkopo. Houston, Texas. Ninfa Laurenzo na mumewe walikuwa na kiwanda cha tortilla tangu 1949, mwaka uleule wa Romana, bila kujuana. Mume akafariki 1969, akamwacha na watoto watano na kiwanda kinachoyumba. Benki zikamkatalia. Aliyemtoa ni rafiki yake wa Mexico. Mwaka 1973, mbele ya kiwanda hichohicho, mtaa wa Navigation, akapanga meza kumi akaanza kuuza nyama ya kuchoma iliyokatwakatwa ndani ya tortilla ya moto. Zile fajita mnazoziona kwenye menyu za hoteli, huyu mama ni mmoja wa waliozitoa mtaani na kuzifanya chakula cha Wamarekani wote. Migahawa ikaongezeka, ukoo ukajulikana Texas nzima. Miaka ya 1990 kampuni ikazidiwa na madeni ikauzwa. Ule wa Navigation bado upo, mikononi mwa wengine.

Sasa linganisheni na Miami ya Florida, miaka hiyohiyo.

Baada ya mapinduzi ya Castro ya 1959, waliotangulia kukimbia Kuba walikuwa wenye mali: wafanyabiashara, mawakili, maafisa wa benki. Walifika mikono mitupu, lakini vichwa havikuwa vitupu, na baadhi ya waliokuwa maafisa wa benki Havana wakapata kazi kwenye benki ndogo za Miami. Wakaanza kutoa mikopo isiyo na dhamana ya nyumba wala hati. Ukiingia ofisini, afisa anakuangalia: "Wewe si ndiye uliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi mtaa fulani Havana? Ulikuwa unalipa." Mkopo umetoka. Dhamana ni jina lako. Republic National Bank ndiyo iliyosifika zaidi kwa mtindo huo, na kwa pesa hizo yakazaliwa maduka, viwanda vya nguo na kampuni za ujenzi ambazo ziligeuza sura ya mji.

Utaratibu ule ulikoma mwaka 1973. Kwa nini? Wakimbizi waliokuwa wakifika wakati huo walikuwa watu wa kawaida ambao maafisa wa benki hawakuwahi kuwajua. Bidii ni ileile, nchi ni ileile waliyotoka, mlango umefungwa.

Sharubu

Aisee. Hapo kwenye 1973 nimesoma mara mbili.

Ila mkuu, Miami si kulikuwa na watu weusi kabla ya Wakuba? Wao mbona jina lao halikuwa dhamana?

Bwana Riba

Nakudakia mwanzisha uzi. Sharubu, Wakuba hawakubebwa na benki za ndugu zao peke yake. Ilikuwa Vita Baridi, na serikali ya Marekani ilitaka mkimbizi wa Castro aonekane amefanikiwa. Kukawa na mpango maalumu wa wakimbizi wa Kuba, posho, mafunzo, masomo, na sheria ya 1966 iliyowapa njia nyepesi ya kupata ukaaji. Mikopo ya serikali ya biashara ndogo pale Miami ilikwenda kwa wenye asili ya Kihispania kwa wingi kuliko kwa weusi wazaliwa wa palepale. Mwaka 1980 Liberty City, mtaa wa watu weusi pale Miami, iliwaka moto. Chanzo kilikuwa polisi kuachiwa huru baada ya kumuua mtu mweusi, lakini kinyongo cha uchumi kilikuwa kimelala chini muda mrefu.

Kwa hiyo mtu akikuambia Mkuba alijenga Miami "kwa jasho lake", mwambie jasho lilikuwepo na hundi ya serikali ilikuwepo.

Kijiti Mkavu

Asante mkuu, hapo umepiga penyewe.

Niwape mmoja wa Miami ambaye wapenda soka mnamjua bila kujua. Jorge Mas Canosa alitoka Kuba 1960. Akaosha vyombo, akauza viatu, akagawa maziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akainunua kwa pesa ya kukopa kampuni iliyokuwa inachimba mitaro ya kulaza nyaya za simu. Kazi chafu, haina jina, lakini kila nyumba mpya Florida ilihitaji simu. Mwaka 1994 wakaimeza kampuni kubwa zaidi yao na kuibatiza MasTec. Mzee alifariki 1997. Wanawe Jorge na José waliendelea, na mapato ya MasTec mwaka 2024 yalifika kama dola bilioni 12: mitaro, minara ya simu, mabomba, njia za umeme. Na hao ndugu wawili ndio wenye timu ya soka ya Inter Miami pamoja na David Beckham. Messi alipotua 2023, mwenye timu alikuwa mtoto wa mchimba mitaro.

Mpiga Debe Mstaafu

Ahaaa! Kumbe yule mzee anayekaa karibu na Beckham jukwaani! Nilijua ni babu wa mchezaji.

Dada wa Houston

Jamani ngoja na mimi niweke neno, maana niko huku na hao watu ndio wanaotulisha.

Mswahili akifika Texas, wiki ya kwanza anazunguka kwenye maduka makubwa ya Wazungu anatafuta muhogo, ndizi za kupika, mbuzi mwenye mifupa. Hapati. Mtu anamwelekeza kwenye duka la Wamexico. Ukiingia tu, muziki juu, upande mmoja bucha, mwenye bucha anakukatia mbuzi vipande unavyotaka na hakushangai. Ndizi mbichi zimelundikwa kama sokoni. Muhogo umepakwa nta usiharibike. Pembeni dirisha la kutuma pesa nyumbani, na mbele ya mlango mama anauza tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke, kwenye ndoo ya kupozea vinywaji. Sehemu moja umemaliza shida zako zote za wiki.

Na kwenye rafu ni Goya, Goya, Goya. Maharage Goya, mbaazi Goya, tui la nazi Goya. Wageni nawaonya: kuna kopo la Goya la nazi lililotiwa sukari, ni la vinywaji. Ukilipikia wali utakula kitindamlo. Na ule unga wao wa mahindi wa tortilla usiujaribu kwa ugali, mahindi yake yamechemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, unatoa harufu nyingine na haushikani inavyotakiwa.

Kijiti Mkavu

Dada umeniletea Goya mezani.

Mwanzilishi wake ni Prudencio Unanue, Mhispania aliyepitia Puerto Rico akahamia New York. Aliagiza zeituni, mafuta yake na dagaa wa kopo kutoka Hispania. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka Hispania, mzigo ukakatika, akageukia dagaa wa Moroko. Jina la Goya lilikuwa la dagaa wale. Familia inasimulia kwamba alilinunua kwa dola moja, kwa kuwa Unanue liliwashinda Wamarekani kulitamka. Wateja wake wa mwanzo walikuwa wahamiaji wa New York, hasa Wapuertoriko walioongezeka baada ya Vita vya Pili. Kisha Wadominikana, Wakuba, Wamexico, kila kundi lina maharage yake, na Goya ikajifunza kuweka yote. Leo ina bidhaa zaidi ya 2,500 na bado ni mali ya ukoo.

Ninachokipenda hapo ni kwamba alianza na mteja ambaye wengine walimdharau, mtu anayelilia chakula cha mama yake na yuko radhi kulipa. Hata Los Angeles ni hivyo: King Taco, migahawa ya taco (nyama ndani ya tortilla), ilianza 1974 kwenye gari kuukuu la kuuzia aiskrimu lililogeuzwa jiko.

Ila msije mkadhani kuna "jamii moja ya Kilatino" inayofikiri sawa. Julai 2020 bosi wa Goya, Robert Unanue, alisimama Ikulu akasema Marekani imebarikiwa kuwa na kiongozi kama Trump. Jioni hiyohiyo wateja wakaanza kutupa makopo na kutangaza kuisusia. Upande wa pili wakajaza mikokoteni kumuunga mkono. Walatino walikuwa pande zote mbili.

Bwana Riba

Kuna namba inazunguka kwamba Walatino wa Marekani wangekuwa nchi, wangekuwa uchumi wa tano duniani. Inatoka kwa Latino Donor Collaborative, taasisi ya utafiti ya Walatino wenyewe, wao walikadiria dola trilioni 3.6 kwa mwaka 2022. Mniruhusu niipunguzie mbwembwe. Hilo ni kadirio la pato lote linalozalishwa, mishahara ndani yake. Ni watu milioni 60 na zaidi, karibu mmoja kati ya kila Wamarekani watano. Ukiwa na watu wengi wanaofanya kazi, pato litakuwa kubwa. Utajiri ni habari nyingine: nani ana nyumba, nani ana hisa, nani akifa anaacha kitu. Huko bado wako mbali nyuma ya Wazungu.

Biashara zao ni karibu milioni tano, lakini nyingi mno ni mtu mmoja na gari lake la kukata majani. Zenye mwajiriwa hata mmoja ni sehemu ndogo.

Sharubu

Na yule mfagizi aliyebuni Cheetos za pilipili, vile vitafunio vya mahindi vya pakiti, akawa bosi? Ile stori ilinitoa machozi.

Kijiti Mkavu

Richard Montañez. Kwamba alikuwa mfagizi katika kiwanda cha Frito-Lay California na akapanda hadi kuwa mmoja wa maafisa wa juu wa masoko, hilo halina ubishi, na peke yake linatosha kuitwa maajabu. Kwamba ndiye aliyebuni Flamin' Hot, yaani hizo za pilipili, Los Angeles Times walichunguza mwaka 2021 na kampuni ikasema kumbukumbu zake hazionyeshi hivyo. Mwenyewe anashikilia yake. Kwangu sehemu iliyothibitika ndiyo tamu zaidi, ila haiuziki.

Kama mnataka aliyepanda kwenye kampuni ya wengine, chukueni Roberto Goizueta. Mkuba, mhandisi wa kemia aliyesoma chuo kikuu cha Yale, mwaka 1954 alijibu tangazo la kazi la Coca-Cola Havana. Alikimbia na dola 40 na hisa 100 za Coca-Cola alizokuwa amenunua kwa kukopa kwa baba yake. Hisa hizo hakuziuza. Kuanzia 1981 hadi alipofariki 1997 aliiongoza kampuni nzima, thamani yake sokoni ikapanda kutoka takriban dola bilioni 4 hadi karibu bilioni 150. Ndani ya miaka hiyo kuna lile janga la 1985 la kubadilisha ladha ya Coke, wateja wakachachamaa, siku 79 baadaye ladha ya zamani ikarudishwa. Na mnaona tena: mtaji wa mwanzo ulitoka kwa baba mwenye uwezo. Mtoto wa mkata miwa hakuwa na baba wa kumkopesha pesa ya hisa.

Na msiseme ni mambo ya zamani. Aprili 2020, korona, serikali ya Marekani ilitenga dola bilioni 349 za kunusuru biashara ndogo. Pesa ilipitia benki, na benki zikahudumia kwanza wateja zinaowajua. Ikaisha haijafika wiki mbili. Mwenye taqueria, kibanda cha kuuza taco, isiyo na akaunti ya biashara alibaki anajaza fomu mtandaoni hadi ukurasa ukafungwa.

Mpiga Debe Mstaafu

Sasa huyo wa taqueria anakopa wapi? Kausha damu zipo huko?

Dada wa Houston

Zipo tena zina mabango ya taa. Hapa Texas kuna vibanda vya mikopo ya siku ya mshahara kila kona, riba yake usiombe. Wenye bahati wanaenda kwenye taasisi zisizotafuta faida, kama LiftFund ya San Antonio, ipo tangu 1994, inakopesha wadogo ambao benki haiwataki.

Lakini wengi ni tanda. Ni mchezo wetu wa upatu kabisa, hakuna tofauti. Jikoni nilikofanya kazi wapishi walikuwa kumi, kila Ijumaa kila mmoja anatoa yake, mmoja anabeba. Mwenye kuendesha ndiye anabeba wa kwanza. Kuna aliyebeba akanunua jiko la gesi la kuchomea nyama, jumamosi na jumapili anapika kwenye harusi na ubatizo, wiki nzima anarudi kazini kwetu.

Mpiga Debe Mstaafu

Na anayebeba mapema akiingia mitini?

Dada wa Houston

Mwenye kuendesha analipa yeye, ndiyo maana haingizi mtu asiyemjua. Mimi waliniacha nje mwaka mzima kwanza.